Mbuzi Aliyefungua Tovuti ya Dada

Dada yangu ana vyumba vitatu vya wageni nyumbani kwetu Machame, katikati ya migomba, na tovuti tuliyoijenga wenyewe, mimi na yeye, bila fundi. Kwa hiyo ikiharibika hatuna wa kumlaumu, na kwa ukoo wetu hilo ni pengo kubwa.

Iliharibika Desemba, wakati Wachagga wa mijini wote wamepanda nyumbani na magari yameegeshwa mpaka kwenye kahawa. Tulikuwa tumetoka ibadani. Simu ya dada ikamwarifu kuwa kuna ujumbe wa mgeni kwenye tovuti. Ulionekana mwanzo tu: familia moja inataka kukaa wiki nzima, ila wana swali, na wasipojibiwa kabla ya jioni watatafuta kwingine. Swali lenyewe, pamoja na anwani yao, lilikuwa ndani, na huko huingii bila neno la siri. Vyumba havikuwa vimepata mgeni tangu mvua za vuli zianze. Dada aliacha ualimu kwa ajili ya vyumba hivyo, na nusu ya ukoo ilikuwa inasubiri kwa hamu siku atakayorudi kumpigia magoti mwalimu mkuu.

Akajaribu kuingia, ikakataa. Akajaribu tena. Mtu wa kwingine angejifungia chumbani akahangaika peke yake. Kwetu jambo likikushinda unalipeleka barazani.

"Neno la siri limenigomea," akatangaza.

"Ni lipi?" akauliza shemeji, mume wake, akiwa ameshatoa simu yake.

"Jina la yule ng'ombe wetu mwekundu, na mwaka aliozaa mapacha. Herufi ndogo zote."

Habari za usiri ziliishia hapo. Shangazi alisikia akiwa jikoni.

"Umeweka mwaka gani?"

Dada akamtajia.

"Yeleuwi! Siyo huo! Wale ndama walizaliwa mwaka tuliobomoa jiko la zamani."

"Jiko lilibomolewa baadaye, shangazi."

"Wewe ulikuwa unanyonya. Utajua nini?"

Baraza likagawanyika. Kila aliyekuwa na mwaka wake aliuandika kwenye simu yake, na wasiokuwa na mwaka wakaazima wa jirani. Shemeji, aliyeoa kwetu ng'ombe akiwa ameshakufa, naye alikuwa na msimamo mkali. Na wote walikuwa kwenye waifai ya dada, maana hakuna aliyetoka Dar kuja kula bando lake mwenyewe.

Simu zikaanza kuonyesha maneno yaleyale: majaribio yamezidi, subiri saa moja. Niliyatambua. Programu ya ulinzi niliiweka mimi. Haijui dada wala shangazi. Inaona tu intaneti mnayotokea, na machoni pake sisi sote tulikuwa mwizi mmoja mwenye vidole vingi. Nikazima waifai, nikajaribu kwa bando langu. Ikagoma pia, kwa sababu ilikuwa imeshafunga hata jina la dada la kuingilia. Na kila aliyejaribu upya aliirudisha ile saa moja mwanzo.

"Jamani, acheni," nikawaambia. "Mkitulia saa moja inafunguka yenyewe."

"Sisi tunasaidia," shemeji akasema huku akiandika.

"Ndiyo hivyo, acheni kusaidia!"

Walitulia kama kuku walioona mtama. Dada alikuwa amekaa kwenye ngazi, anaangalia jua.

Nikaenda nyuma ya nyumba kwa baba mkubwa, msimamizi wa mbuzi wa sikukuu.

"Shikamoo, baba mkubwa. Naomba mbuzi achinjwe sasa."

"Marahaba. Haraka ya nini? Wageni wamefika?"

"Usipochinja hawatafika."

Akaomba kisu. Hakuniuliza tena. Nadhani aliona ni sababu nzuri kuliko nyingi alizowahi kupewa.

Kwetu nyama ya mbuzi haigawiwi ovyo. Kuna kipande cha mkubwa, kuna cha shangazi, kuna cha mkwe, na asiyekuwepo wakati wa kukata atapewa mfupa na maelezo. Baraza likahama lote. Ubishi wa mwaka wa ndama ukageuka ubishi wa kidari, na mikono ikajaa mafuta. Hakuna simu inayomtii mtu mwenye mikono ya mafuta. Shemeji alijaribu mara moja, kwa pua. Nikamnyang'anya.

Saa ilipotimia, dada akaandika jina la ng'ombe na mwaka wake uleule. Safari hii nilimwonyesha kosa kabla hajabonyeza: simu yake ilikuwa inaanza jina kwa herufi kubwa, yenyewe, kwa adabu. Akaifanya ndogo. Tukaingia.

Swali la wageni lilikuwa hili: je, kwenu ni kimya?

Nyuma ya nyumba shangazi alikuwa anamwambia mtu kwamba hata baba yake alikuwa mwizi wa maini. Dada alisikiliza kidogo, kisha akaandika: "Januari ni kimya. Desemba tupo sisi, na mbuzi."

Jibu lilikuja jua likiwa bado juu ya migomba. Wanakuja Desemba hiihii.

Neno la siri la tovuti tulilibadilisha jioni ileile, na jipya hata shemeji halijui. Ng'ombe tukamhamishia kwenye waifai. Kwa hiyo wageni walipofika na kuuliza neno la siri la waifai, baraza zima liliwajibu kwa pamoja, kila mtu na mwaka wake.