Jiwe la Chumvi la Ng'ombe

Daktari wa macho alikataa kunipasua. Mtoto wa jicho alikuwa amefunika macho yote mawili, majani chai nachuma kwa kupapasa, na yeye anaangalia mashine ya presha akitikisa kichwa. "Mzee, ikiwa juu hivi sikugusi. Ishuke kwanza." Akaniuliza kama baba yangu alikuwa nayo. Alikuwa nayo. Akanipa tembe za kumeza kila siku, niwe naumwa au siumwi. Kisha akamgeukia mke wangu, si mimi, akamwambia aniondolee chumvi.

Ai! Mama watoto alifika nyumbani akakusanya chumvi yote akampa jirani. Mboga za managu bila chumvi, jamani, ni adhabu. Nikanuna. Nikaambiwa ninune polepole, hasira nazo zinapandisha presha.

Tembe nilimeza, sikukosa hata siku moja. Lakini kila tukirudi kliniki presha iko palepale, na daktari anaongeza dawa. Mke wangu akalaumu tembe, akalaumu hasira zangu, akalaumu hata siasa za redioni. Mimi sababu niliijua vizuri sana, ilikuwa imening'inia zizini.

Jiwe la chumvi la ng'ombe. Kila jioni nilificha hindi la kuchemsha ndani ya koti, nikaaga kwamba naenda kuangalia ng'ombe. Nalisugua kwenye jiwe, upande ambao ng'ombe hajalamba, maana na mimi nina heshima zangu. Utamu wake, wacha tu!

Jioni moja nikamkaripia ng'ombe, "Usiniangalie hivyo. Ukimwambia mama, nakuuza."

"Hajaniambia," sauti ikajibu.

Mke wangu alikuwa ameketi kwenye kigoda cha kukamulia, hatua mbili tu kutoka kwangu, tangu nilipoingia. Sikuwa nimemwona. Nilisimama na hindi mkononi nikingoja matusi, kwa sababu huyo mama akianza, hata ng'ambo ya mto wanasikia. Hakutukana.

"Nilidhani dawa zimeshindwa," alisema. "Mimi naomba kanisani nikijua unakufa, kumbe uko hapa na ng'ombe."

Halafu akatoa sauti ambayo sikujua ni kicheko au kilio. Mbele yangu kulikuwa na ukungu tu wenye rangi ya kitambaa chake. Ilibidi ninyooshe mkono nimpapase uso, na shavu lilikuwa limelowa.

Hindi nilimpa ng'ombe.