Difenda la Sadaka

Ndugu zangu, najua hii habari mmeshaisikia, na najua kila aliyewasimulia alitia chumvi yake, sasa leo nawasimulia mwenyewe, mwenye aibu yangu, ili mkicheka mcheke kwa usahihi. Kama kuna mtu hapa Kyela alishawahi kutoa msaada halafu akatamani ardhi ipasuke immeze, asogee karibu na mimi tupeane pole.

Mimi nilikuwa na difenda. Siyo difenda hivi hivi, difenda lililostaafu kazi ya polisi, nikalinunua mnadani kwa sababu ya tamaa (sikumwuliza mtu ushauri, tamaa haina washauri). La bluu, limechoka, nyuma lina kizimba cha wavu wa chuma na mabenchi mawili ya kutazamana, na ubavuni maandishi yamefutwa kwa rangi nyepesi kiasi kwamba hata bibi asiyejua kusoma angekuambia palikuwa pameandikwa nini. Nilidhani nitabebea kakao. Kumbe linakunywa dizeli bila kushiba, na kila nikiingia nalo kijijini wakulima wanafunga milango, sijui nani aliwaambia wana makosa. Likakaa uani mpaka kuku wakaanza kutaga chini ya usukani.

Ndipo moyo wa kutoa ukanijia. Msicheke. Zahanati ya kanisa letu, kule upande wa Ngonga (kijiji sikitaji, nina wakwe huko), haikuwa na gari, wajawazito wanaletwa kwa bodaboda, kwenye yale makorongo mnayoyajua, na mvua zetu hizi ambazo hazijui kupumzika. Sista Atuganile, muuguzi wa pale, kila Jumapili alikuwa anasimama kanisani kuomba gari, gari lolote, hata bovu, maana anaogopa siku moja mama atamfia njiani. Na wakati huo huo, kwa bahati tu, kanisa lilikuwa linatafuta mzee mpya wa kanisa. Mimi hayo mambo mawili sikuyaunganisha kabisa, yalijiunganisha yenyewe.

Mke wangu, Mama Tusekile, aliniambia maneno machache tu. "Baba Tusekile, lipake rangi nyeupe kwanza. Na huo wavu utoe." Nikamtazama kwa huruma. Nikilipaka nyeupe nani atajua lilikuwa la polisi? Si watasema wafadhili wameleta, na mimi nimelala? Badala ya rangi nikampelekea fundi mmoja mjini anifungie king'ora, nikamweleza kwa sauti ya mtaalamu kwamba gari la wagonjwa lisilo na king'ora ni gari la mboga. Yaliyofuata yote ni watoto wa uamuzi huo.

Siku ya makabidhiano Mama Tusekile alitangulia na kina mama wenzake kupika wali na mbasa wa ziwani, mimi nikabaki nyumbani kuwapakia Mchungaji na wanakwaya wanane. Mchungaji nikamkaribisha kiti cha mbele, akakataa kwa unyenyekevu, akasema atakaa nyuma na kondoo wake. Haya, baba, karibu kizimbani. Mlango wa kizimba ulikuwa unapigapiga, nikautia kufuli, lile la kubana tu, chwap! Halafu nikajitazama, nimevaa ovaroli. Jamani, mtu wa kukabidhi gari anavaa ovaroli? Nikakimbia ndani, nikavaa suti nyeusi na miwani ya jua, nikatoka mtu mpya. Ufunguo wa kufuli ulibaki mfukoni mwa ovaroli, na ovaroli ilibaki msumarini.

Njiani, ndugu zangu, nilifurahi sana. Bodaboda zisizo na kofia zinageuza, kina mama wa pombe wanafunika ndoo zao kwa kanga, mzee mmoja ameshikilia kofia yake kifuani mpaka nikampungia mkono. Nikajua hii ni heshima, watu wameshaambiwa mfadhili anapita. Mbele yangu kukawa na bodaboda inatambaa katikati ya barabara, mwanaume anaendesha, nyuma mwanamke amejifunika kanga, wanakwepa kila shimo. Nikasema hawa watanichelewesha kwenye hotuba yangu. Nikabonyeza king'ora.

Weee! Ile bodaboda iliruka mtaro, ikaingia kwenye mashamba ya kakao, majani yakafunga nyuma yao. Nikacheka mpaka miwani ikanishuka puani. "Wahalifu hao!" nasema peke yangu. Huko nyuma Mchungaji anagonga bati kwa ngumi mbili, na kwaya nzima inapiga kelele, nikasema leo Roho amewashukia mapema, nikawaongezea king'ora kama kinanda.

Sasa nyie mnawajua watu wetu. Mtu mmoja akiona kitu Ngonga, kabla hujavuka daraja Ipinda wanakijua. Aliyeniona nikipita alipiga simu moja tu: Mchungaji amekamatwa, na kwaya yake yote, wamo kwenye difenda. Mama Tusekile akawaambia hilo ni gari letu, nani amsikilize mtu katikati ya kilio? Nafika kwenye kona ya zahanati, badala ya vigelegele nakutana na kilio. Kina mama wamejifunga kanga viunoni kama msibani, wamekaa chini wamejipanga mstari barabara nzima, wengine bado wana miiko ya wali mkononi. Nikasimamisha gari. Na wa kwanza kunifuata dirishani alikuwa mama mkwe wangu.

Mama mkwe wangu, kwa heshima ya kwetu, tangu nimwoe binti yake hajawahi kunitazama usoni. Tukikutana njiani yeye anakata kona, mimi nakata kona. Siku hiyo alinitazama, tena kwa karibu. "Gwe mundu, we mtu! Mama yako alikuzaa au alikuokota? Unamfungia mtumishi wa Mungu kama mwizi wa kuku?" Akanipiga mwiko begani, suti ikapata wali. Mimi kwa akili zangu nikavua miwani. "Mama, ni mimi."

Halafu akajifunika kanga uso mzima na kurudi nyuma kinyumenyume mpaka akaingia mtaroni, Mama Tusekile akaenda kumwinua, na alivyonitazama mke wangu sitawasimulia.

Basi nikashuka niwafungulie watu. Nikapapasa mfuko wa kwanza, wa pili, wa ndani, nikapapasa hata soksi. Kufuli linanitazama tu. Mchungaji akaniambia kupitia wavu, kwa sauti ya chini sana, "Fungua." Nikamwambia, "Baba, subira kidogo." Wakaenda kumleta fundi baiskeli mwenye msumeno wa chuma. Na mimi, kwa kuwa umati ulikuwa umeshakusanyika na msumeno ulikuwa butu, nikaona nisipoteze muda, nikatoa karatasi nikaanza hotuba. Ndiyo, nilisoma. Nimefika kwenye "upendo hauna wavu" (nilikuwa nimeiandika mwenyewe, nikaipenda), Mchungaji akapiga bati tena.

"Acha kusoma! Yule mama kwenye pikipiki alikuwa na uchungu! Tumekuita njia nzima usimame!"

Nikageuka kumtafuta Sista Atuganile, hayupo. Wakaniambia ameondoka mbio, kuna kijana ametokea kwenye kakao anahema, Sista amebeba begi lake amekwenda naye kwa miguu. Pale nilikaa kwenye bampa la difenda langu. Nilimwomba Mungu kama sijawahi kumwomba, na wala sikukumbuka uzee wa kanisa. Nilijua akifa yule mama nitakuwa nimemwua mimi, na king'ora changu, nikiwa nacheka.

Walirudi wakati fundi ameshalikata kufuli, Mchungaji na kwaya wameshashuka. Mbele Sista, gauni limeingia tope mpaka kifuani, ana kifurushi cha kanga kinachopiga kelele. "Wa kike. Mzima," akasema, kina mama wakaacha kilio wakaingia vigelegele bila hata kupumua. Nyuma mama mwenyewe, anashikwa huku na huku, amezalia chini ya mkakao kwenye majani makavu, amechubuka magoti kwa kuanguka na pikipiki.

Nikakimbilia mlango wa mbele nikaufungua. Hadi zahanati palibaki kipande tu, lakini kuna kilima, na mtu ametoka kujifungua. "Mama, panda, kaa hapa mbele." Yule mama aliliona gari, akamshika Sista mkono. "Humo siingii," akasema. Akapita kando, akapanda kilima kwa miguu yake, anapumzika kila hatua kumi, na gari la wagonjwa limesimama pale, mlango wazi, nimeushika mimi.

Mumewe alibaki nyuma kidogo. Nilijiandaa kwa ngumi, na ningeipokea. Lakini alinisogelea kwa adabu, kijana mdogo, shati limechanika, akaniuliza, "Shikamoo, mzee. Samahani. Ulikuwa unatukimbiza kwa kosa gani?"

Nikaitikia marahaba.

Difenda nililirudisha nyumbani siku ile ile, wavu nikaukata mwenyewe, rangi nyeupe nikaipaka mwenyewe, king'ora nikakitupa. Mama Tusekile alikaa kwenye kigoda akisimamia, anaonyesha kwa kidole palipobaki bluu. Sista Atuganile alikuja kulichukua bila sherehe, akaniambia "ndaga fijo", yaani asante sana, akaondoka, na wajawazito wanalipanda. Mzee wa kanisa wamemchagua mtu mwingine, mtu ambaye hajawahi kutoa hata baiskeli, na ninawapongeza. Mimi nimeapa: nikijaliwa kutoa tena kitu, nitamwuliza kwanza anayepewa anakitaka kiweje, nitampa mtu akipeleke, na mimi nitakaa nyumbani na ovaroli yangu.