Viti Vinne Vitupu

Juzi nilikuwa kwa wakala wa bima hapa Mpanda. Mbele yangu, mzee mmoja wa Misunkumilo alikuwa anaikatia Noah yake bima ya gari la abiria.

"Abiria wenyewe unasema wawili kwa siku," dada wa kaunta akamwambia. "Tukiandika matumizi binafsi, baba, bei itashuka sana."

Mzee akafuta meza kwa kiganja, ingawa ilikuwa safi. "Tangu mama yenu afariki, nyumbani naongea na kuku. Ukiniandika binafsi, mwanangu, njiani nako nitaongea na nani?"

Dada akaandika abiria.

Zamu yangu ilipofika, nililikatia gari langu bima ya binafsi, rahisi kuliko zote. Nikarudi nyumbani Kawajense na viti vinne vitupu, nikijisifu kwa sauti. Hakuna aliyenijibu.