Aliyefika Nyarero Saa Tatu na Robo

Jumatatu, Musoma. Niliondoka nyumbani alfajiri kwa ajili ya kitu nilichokianzisha mwenyewe na ninachokipenda kupita kiasi: mashindano ya wanafunzi wa sekondari ya kueleza wazo la kuisaidia jamii. Kila shule hutoa mwanafunzi mmoja, naye hupewa dakika tano. Mshindi hapewi kikombe. Wazo lake ndilo linalotekelezwa kijijini kwake. Kanuni nilizitunga mimi, na ya kwanza inasema atakayefika baada ya saa tatu asubuhi amejitoa. Nimefundisha miaka mingi na mtu wa kuchelewa simpendi, nasema wazi.

Saa mbili na nusu tulikuwa shule ya Nyarero, wilayani Tarime, mimi na dereva wangu Marwa, mzaliwa wa huko. Saa tatu ilipogonga, darasa lilikuwa limejaa lakini mshindani hayupo. Saa tatu na robo akaingia msichana wa kidato cha nne, jina lake Ghati, jasho likimtiririka, kichwani amebeba ubao mpana uliofunikwa gunia.

"Shikamoo mwalimu. Samahani, tumechelewa kwa sababu..."

Nilimkatiza, nikamwonyesha saa yangu. Akasema huu ni mwaka wake wa mwisho shuleni, hatapata nafasi nyingine. Nikamjibu kwamba hilo angelifikiria mapema, nikaandika sifuri. Getini alikuwa ameketi bibi kizee mmoja juu ya jiwe, fimbo magotini. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia kwa Kikurya, tukaenda zetu. Marwa, ambaye kwa kawaida haishiwi hadithi, aliwasha redio, akaiacha iongee mpaka tulipofika Nyamongo.

Jumanne, Kewanja, hapo hapo Nyamongo. Kilima cha kifusi cha mgodi kimesimama nyuma ya mapaa ya bati, kikubwa kiasi kwamba nilikitazama muda mrefu kabla ya kuingia shuleni. Mvulana wa hapo aliwahi, akazungumza dakika tano kamili juu ya kofia ngumu kwa wachimbaji wadogo, nami nikampa alama nyingi. Jioni, mjini Mugumu, tukila ugali, nilitaka kumsimulia Marwa alichosema yule mvulana. Nilichokumbuka ni kwamba alimaliza kwa wakati tu.

Jumatano, njia ya Morotonga. Ilikuwa saa mbili na nusu Marwa alipokanyaga breki. Mbele yetu, juu ya mlingoti mrefu, kulikuwa na kitambaa chekundu. Watoto wenye sare walikuwa wameketi kando ya barabara pamoja na mama mmoja mwenye jembe, wametulia kabisa. Nilimwambia Marwa aendelee, muda unakwenda.

"Mwalimu, hapa siendi," alisema, akazima gari.

Mama yule akatueleza kwamba nyekundu maana yake tembo yuko njiani, na nyeupe maana yake piteni. Nilishuka garini, nikaanza kulalamika. Kisha vichaka vikafunguka, nao wakatoka, mmoja, watatu, kumi na zaidi, wakavuka barabara mbele yetu bila haraka, watoto wao wakitembea katikati ya miguu ya mama zao. Ardhi niliisikia kwenye nyayo zangu. Machozi yalinitoka, sijui ya hofu au ya nini. Mtoto mdogo wa darasa la kwanza alinishika mkono.

Tulikaa hapo zaidi ya saa nzima. Kitambaa cheupe kilipopanda, watoto walijipangusa vumbi wakaenda shule.

Morotonga tulifika saa nne. Mshindani wao, Mwita, alikuwa tayari tangu saa mbili, na wazo lake lilikuwa ni vile vitambaa, alivyokuwa ameanza kuvijaribu na wanakijiji. Darasa zima lilisimama kunisalimia. Mwalimu mkuu alinivutia kiti, akaniletea chai, akaniuliza kwa upole, "Mmekutana na nini njiani, mwalimu?"

Hakuna aliyetazama saa. Waliniuliza tu, wakangoja jibu. Mimi kule Nyarero sikuuliza, na jibu lenyewe nililikata katikati.

Alhamisi ilikuwa siku ya kurudi nyumbani kwa barabara ya Butiama. Nilimwomba Marwa ageuze gari turudi Tarime, kwa Ghati. Alitabasamu, na hadithi zake zikarudi njia nzima.

Nilipomkuta shuleni, Ghati aliniomba nisubiri mpaka Ijumaa asubuhi, akamlete mwenzake. Nikalala Tarime. Asubuhi ilipofika aliingia darasani na ubao wake, na nyuma yake, hatua kwa hatua, yule bibi mwenye fimbo. Alikuwa nyanya yake. Ghati akafunua gunia. Alikuwa amechora milango ya kituo cha afya, kila mmoja na picha yake: mtoto kwenye mizani, vidonge, tone jekundu. Akaeleza kwamba wasiojua kusoma hupanga foleni asubuhi nzima kwenye mlango usio wao. Kisha akamgeukia bibi, akamuuliza kwa Kikurya, halafu kwa Kiswahili ili sote tuelewe, "Ukitumwa kupimwa damu, unaingia wapi?"

Bibi hakusita. Aliinua fimbo, akagusa tone jekundu. Darasa lilipiga makofi mpaka mabati yakalia.

Ile sifuri niliifuta palepale mbele yao, na kanuni ya kwanza nimeiandika upya: anayechelewa ataulizwa.

Kabla hawajaondoka, bibi alinikazia macho akasema jambo. Ghati aliona haya kutafsiri. Nikamsihi.

"Anasema, Jumatatu yeye mwenyewe alitembea haraka kadiri alivyoweza."