Kwa Miguu Mpaka Usoke

Mke nilimpata kwa sababu ya kitabu cha tramu. Nikisema hivyo wajukuu wangu wanatazamana, wanadhani babu ameanza kuchanganya mambo. Sichanganyi. Tramu ni gari la reli linalopita katikati ya barabara za mji na kupakia watu kama basi, na Tabora haijapata kuwa nalo hata siku moja. Sisi tulikuwa na treni, tena za kutosha, maana reli ya Mwanza na ya Kigoma zinaachana pale pale kwetu. Tramu nilizijua kitabuni tu.

Ilikuwa enzi ya Mwingereza, miaka yake ya mwisho mwisho. Nilikuwa karani stesheni, kwenye stoo ya vitu vilivyosahauliwa na abiria: miavuli, kofia, viatu vya mguu mmoja, na siku moja meno ya bandia yaliyofungwa kwenye leso. Nilivaa kaptula ya kaki iliyopigwa pasi mpaka ikasimama yenyewe, na soksi ndefu hadi magotini. Nilijiona, sitaki kudanganya. Basi nikampenda binti mmoja wa Kanyenye, nikamtuma mjomba wangu awe mshenga.

Mjomba akarudi jioni ile ile, anajikuna kidevu.

"Baba yake hajakataa," akasema. "Ila anauliza kama umewahi kwenda pwani."

Nikacheka. Mtu wa reli unamuuliza pwani? Nina pasi ya kusafiri bure mfukoni. "Mwambie nimekwenda Dar es Salaam mara nne."

Kesho yake mjomba akarudi amenuna kabisa. "Anauliza, ulikwenda au ulipelekwa?"

Hapo ndipo nikaelezwa habari za yule mzee. Ujanani alikuwa mpagazi. Alibeba mizigo begani kutoka Tabora mpaka Bagamoyo na kurudi, miezi mitatu kwenda tu, katika misafara ya mwisho mwisho kabla reli ya Mjerumani haijafika. Enzi zao kijana wa Kinyamwezi hakuhesabiwa mwanamume mpaka aende pwani na mzigo. Ukibaki nyumbani, wasichana wanakucheka kisimani, na hakuna mzee wa kukupa binti yake. Reli ilipofika, mambo hayo yakafa. Kumbe kwa mzee mmoja wa Kanyenye yalikuwa hai.

Mimi hasira zangu ziko karibu, sikumngoja mjomba. Nikaenda mwenyewe. Nilimkuta uani, amekaa chini, kinu kimoja kikubwa cha mninga kati ya miguu yake, anakichonga kwa tezo. Siku hizo ndiyo ilikuwa kazi yake, kuchonga vinu na michi. Macho yalikuwa yamepungua nuru, akichonga kwa kupapasa, lakini mashavu ya miguu yake yalikuwa bado manene, na alikaa kanzu imepandishwa ili wageni wayaone.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Bwana Reli. Kaa. Kukaa unakuweza."

Nikamwambia kwa heshima kwamba pwani naijua, nimeyaona maji ya chumvi kwa macho yangu.

"Treni ndiyo iliyokwenda pwani," akasema, tezo haisimami. "Wewe ulikaa. Binti yangu simpi mtu aliyekaa."

Nilinyanyuka masikio yanawaka. Pale mlangoni nikakutana na huyo binti, ameshika sinia la kahawa ambayo sikuingoja. Hakuinua macho. Akasema kwa sauti ya chini, "Baba anapenda habari za safari. Ukija tena usije mikono mitupu." Maneno hayo tu. Nikayabeba mpaka mtaani kwetu Ng'ambo kama mtu aliyepewa yai.

Sasa, stoo kulikuwa na kitabu. Kilisahauliwa kwenye behewa la daraja la kwanza, mwenyewe hakurudi, na mkubwa wangu aliniambia nikiondoe kabla panya hawajakimaliza. Kilikuwa cha Kiingereza, chenye picha nyingi, kinaeleza historia ya tramu za miji ya Marekani tangu mwanzo. Safari gani hiyo, watu wanazunguka mji wao wenyewe? Lakini sikuwa na kingine. Jumapili iliyofuata, baada ya sala ya alasiri, nikakipeleka.

"Kinasema nini?" mzee akauliza.

Nikaanza kusoma, nafasiri sentensi baada ya sentensi, na jasho likinitoka. Kwamba hapo mwanzo tramu zilivutwa na farasi. Reli zililazwa barabarani ili gurudumu lisizame matopeni, na farasi wawili waliweza kuvuta watu wengi kwa pamoja. Kwamba kazi hiyo iliwachosha farasi upesi, baada ya miaka michache wanauzwa na kuletwa wengine.

"Mavi yao anazoa nani?"

Nikamwambia kitabu kinasema yalikuwa shida kubwa mjini. Akatikisa kichwa, ameridhika kwamba mwandishi anajua anachokisema.

Basi ikawa desturi, kila Jumapili. Alinikatiza kila mstari. Farasi akianguka je? Mlimani walipandaje? Binti analeta kahawa, anakaa kizingitini kuchambua mchele, na mchele ule Jumapili ulikuwa na mawe mengi sana, hauishi kuchambuliwa.

Jumapili ya tatu tukafika mahali ambapo farasi waliugua. Maradhi yalipita nchi nzima ya Marekani, mji baada ya mji, mazizi yakajaa farasi wanaokohoa hawawezi kusimama. Na watu walitaka kwenda makazini. Kwa hiyo katika miji mingine wanaume walijifunga kamba wenyewe, wakavuta tramu na abiria ndani.

Tezo ikasimama. Ilikuwa mara ya kwanza nione mikono yake imetulia.

"Soma tena."

Nikasoma tena.

"Wanaume," akasema. "Wazungu?"

"Kitabu hakisemi ni wa rangi gani, Mzee. Kinasema wanaume."

"Kumbe na kule kulikuwa na wapagazi." Akapapasa bega lake la kulia, ambalo lilikuwa na sugu ngumu kama kisigino cha mtu. "Waliimba?"

Nikatazama ukurasa. Nikageuza, nikarudi. "Kitabu hakisemi."

"Mzigo wa namna hiyo hauendi bila wimbo. Mmoja anatangulia kuimba, wengine wanaitika, ndipo miguu inakubali. Tazama vizuri."

Mtu mwerevu angemwambia ndiyo, waliimba, akatunga na wimbo wenyewe, akaoa mwezi ule ule. Nami nilitaka sana kusema ndiyo. Nilimwona alivyoinamisha sikio. Lakini nilikuwa nimeshika maandishi mkononi, na nilishindwa kuyasemesha neno lisilokuwemo.

"Hakisemi, Mzee."

"Basi aliyeandika alikuwa amekaa ndani," akasema, akachukua tezo yake.

Tuliendelea. Nikamsomea jinsi walivyotandika waya juu ya barabara, tramu ikanyoosha mti mmoja kutoka paani kuugusa ule waya, na umeme ukashuka kuyazungusha magurudumu. Nilidhani hapo atashangaa. Hakushangaa. Alitaka kujua watu waliokuwa wakiongoza farasi walikwenda wapi. Kitabu kilisema farasi waliuzwa. Watu hakikuwataja. Mzee akaguna tu, nami nikaona aibu kana kwamba kitabu nimekiandika mimi.

Ukurasa wa mwisho ulikuwa na picha. Mabasi na motokaa zilikuwa zimekuja, watu wakazihama tramu, reli zikang'olewa. Pichani palikuwa na tramu moja imetelekezwa kwenye shamba la mtu, madirisha hayana vioo, kuku wanatokeza vichwa. Mzee aliichukua akaisogeza karibu na macho mpaka ikagusa pua.

"Ilimfukuza farasi," akasema, "na yenyewe ikafukuzwa."

Alikaa nayo muda mrefu. Aliponirudishia, akanisukumia kile kinu cha mninga, kimekamilika, pamoja na mchi wake.

"Hiki ni cha dada yangu, yuko Urambo. Kipeleke. Begani, kwa miguu. Ukirudi nitakupa jibu."

Mchele uliacha kusikika pale kizingitini.

Urambo kwa treni ni safari ya kulala kidogo na kuamka. Kwa miguu ni siku tatu, ukiwa mzima. Niliomba ruhusa kazini, nikasema nina msiba, Mungu anisamehe, nikaondoka alfajiri. Siku ya kwanza nilikwenda kwa mbwembwe. Njia ya zamani ya misafara inafuatana na reli sehemu nyingi, na kila treni ilipopita jamaa zangu walitoa vichwa: karani wa stesheni, soksi ndefu, kinu begani. Vicheko vyao nilivisikia mpaka behewa la mwisho.

Nililala Mabama. Siku ya pili nikajua kinu ni nini. Kinakula bega la kulia, unahamishia kushoto, kinakula na hilo. Ukikiweka kichwani kinakusukuma shingo mpaka unaona miguu yako tu. Nilijaribu kuimba, na wimbo pekee ulionijia ulikuwa wa shuleni, wa kumsifu mfalme wa watu. Niliuacha njiani. Nilifika Usoke jua linazama, mabega yametoka malengelenge, soksi nimezifanya kata ya kuwekea kinu, na moyoni namtukana mzee, na bintiye, na mfua reli wa kwanza duniani.

Asubuhi sikuweza kuinua mkono. Treni ya mizigo ilikuwa imesimama pale inachota maji, na gadi wake alikuwa rafiki yangu tuliyesoma naye.

"Panda," akasema. "Nani atajua?"

Kweli, nani angejua? Nilikitazama kinu. Kikanitazama. Nikapanda.

Nilikaa kwenye behewa la gadi, kinu kati ya miguu yangu, na treni ilipoanza kuvuta nikacheka. Nilicheka peke yangu kama mwehu, miti inarudi nyuma yenyewe na mimi sijainua hata unyayo. Raha ile sijaipata tena maishani. Urambo nikashuka, nikabeba kinu kutoka stesheni mpaka kwa yule dada wa mzee. Akakipapasa ndani, akasema kaka yake siku hizi anachonga vibaya, akanikanda mabega kwa maji ya moto na kunipa ugali. Hakuniuliza kitu.

Nilirudi Tabora, nikaenda Kanyenye moja kwa moja. Mzee aliniita karibu, akanifungua shati mwenyewe, akapitisha vidole begani. Malengelenge yalikuwa yamepasuka, kidonda kibichi. Akavuta pumzi.

"Hili bega limebeba," akasema. "Ulifika Urambo kwa miguu?"

Binti alikuwa kizingitini. Safari hii hata sinia hakushika, amesimama tu. Neno ndiyo lilikuwa limeshafika mdomoni, tamu. Nikalikumbuka lile nililokataa kulisema kwa ajili ya watu wa Marekani nisiowajua, nikaona haiwezekani niwape wao ukweli halafu huyu nimdanganye.

"Mpaka Usoke, Mzee. Kutoka Usoke nilipanda treni."

Nikaanza kufunga vifungo vya shati. Moyo ulikuwa umeshatangulia kuondoka.

"Ulipokaa," akauliza, "ulijisikiaje?"

"Nilicheka," nikasema. "Nilifurahi mpaka nikacheka. Nisamehe."

Akaondoa mkono wake begani kwangu, akauweka kwenye bega lake, pale penye sugu.

"Safari yangu ya mwisho," akasema, "tulishuka na mzigo mpaka pwani, kwa miguu yetu. Kurudi tukakuta Mjerumani ameshalaza reli sehemu ya njia. Wakatupakia kwenye mabehewa ya mawe mpaka pale reli ilipoishia. Kaka yangu alikuwa kirangozi, yeye ndiye aliyetangulia mbele ya msafara na kuimbisha. Alikaa pembeni ya behewa, amejifunika nguo, analia. Alikuwa ameelewa. Mimi nilicheka. Nilicheka njia nzima, mwanangu, mpaka nikasinzia. Hakunisemesha tena mpaka anakufa."

Yule binti alikuwa ameketi kizingitini, mikono mdomoni, na baadaye aliniambia kwamba hata yeye alikuwa akiyasikia kwa mara ya kwanza. Nilimwonea huruma mzee yule kuliko nilivyowahi kumwonea mtu. Alikuwa amesimama langoni miaka yote hiyo, akiuliza vijana swali ambalo mwenyewe asingelijibu.

Akajifuta uso kwa pindo la kanzu, akapapasa chini akitafuta tezo yake.

"Waambie wazee wako waje Ijumaa, baada ya sala," akasema. "Waje kwa miguu."

Walikuja wote saba. Baba yangu alikuwa na maumivu ya goti, na baiskeli yake hakukubali kuiacha nyumbani, maana ilikuwa fahari yake. Aliisukuma kwa mkono kutoka Ng'ambo mpaka Kanyenye, juani, anachechemea, na hakuipanda.