Pampu Iliyokataa Kutoka

Naikumbuka siku moja ya mawingu hapa hapa Sironga, mwanangu, siku ambayo nusura niape kwa sababu ya pampu ya oili. Nakusimulia kwa kuwa nimesikia unataka ndugu yako, kijana wangu Mogaka, aitwe mbele ya wazee aape kwamba hakuiba kifaa cha mashine yenu ya kusaga. Utasema mzee anamtetea wa kwake. Shuku tu. Mimi mwenyewe ni mtu wa kushuku. Hata leo maziwa hayaingii nyumbani kwangu kabla sijayaonja mlangoni kama yametiwa maji.

Babu yako alituachia pikapu moja kuukuu, na alikuwa na wake wawili. Baba yako Ombati alikuwa mwana wa nyumba kubwa, mimi wa nyumba ndogo. Ilikuwa miaka michache baada ya uhuru, nasi tulikuwa vijana. Pikapu hiyo ilibeba vinyago vya mawe kutoka Tabaka hadi kwa wafanyabiashara wa mjini Kisii, na nyumba zote mbili zilikula kwayo. Baba yako aliuza, mimi niliendesha na kutengeneza, kwa maana nilikuwa nimejifunza umakanika Kisumu. Watu walinisifu, na mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nilijiona hakuna injini nisiyoijua.

Basi injini ikaanza kugonga, taa ya oili ikawaka na kukataa kuzima. Tuliisukuma hadi nyumbani. Nikaiinua juu ya magogo, nikafungua sampu, ile karai ya chuma inayoshika oili chini ya injini, nikaona pampu imejaa uchafu. Nikasema lazima itoke isafishwe. Nikalegeza kila bolti niliyoiona, nikavuta. Haikutoka. Nikaigonga kwa kipande cha mti, nikaimwagia mafuta ya taa, nikangoja iloe. Ilicheza kidogo, kisha ikakwama palepale.

Sasa, kwetu fundi akifungua injini, mwenye gari huleta kiti. Hasemi amekuja kulinda vyuma vyake visibadilishwe, husema anapumzika. Baba yako alileta kigoda cha mama yake, akakiweka penye gurudumu, macho kwenye mikono yangu. Nikiweka nati chini, anaiokota na kuitia mfukoni mwa koti. Nikichukua spana, ananiuliza ya nini. Niliporudi kutoka mjini na gasketi mpya ya kuzibia sampu, imefungwa kwa karatasi, alinisimamisha langoni niifungue aione.

Nami nikaanza kumshuku. Nilijiambia huyu anatafuta kisababu cha kuitoa nyumba ya mama yangu kwenye pikapu, na baada ya pikapu litafuata shamba. Chakula cha mama yake kikiletwa, nasema nimeshiba. Ni vibaya sana, mwanangu, kukataa ugali wa mtu aliyekubeba mgongoni.

Pampu ilipozidi kugoma, baba yako aliwaita baba zetu wadogo. Akasema nimeuza pampu nzuri ya baba Kisumu, nikagongomea mbovu kwa nguvu makusudi, isitoke watu wakaijua. Kikulacho ki nguoni mwako, akasema. Akataka niape emuma. Kiapo hicho unakijua: ukiapa kwa uongo hakikufuati peke yako, huwafuata na watoto utakaowazaa. Sote tulikuwa watu wa kanisa, lakini hapakuwa na mtu asiyekiogopa. Na mke wangu alikuwa mjamzito.

Nikasema nitaapa. Sikusema kwa ujasiri. Nilisema kwa hasira, na nilijua tukishafika hapo, nyumba zile mbili hazitakula pamoja tena.

Ndipo nyanya yako, mama yake Ombati, akaingia kutoka kuchuma majani chai, kikapu bado mgongoni. Kwanza alidai kigoda chake. Baba yako akainuka, yeye akaketi. Aliniuliza kama pampu imetoka, nikasema la. Akamuuliza mwanawe kama amelala chini ya gari akaitazama, akasema la.

"Basi mnaapishana kwa kitu ambacho hakuna aliyekitoa akakiona," alisema. Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe unayekimbilia kuapa. Mtoto wako akikohoa, huyu atasema ni kiapo. Wewe mwenyewe usiku utasema ni kiapo. Emuma haifukuzi shaka, inaijengea nyumba."

Akamwamuru Ombati aingie chini ya gari. Aliingia na koti lake zuri, tukalala bega kwa bega kwenye matope. Nilimwambia aishike pampu, mimi niende juu niigonge injini ubavuni. Lakini ubavu huo ulikuwa umegandwa na oili na vumbi la miaka, sikuona pa kugonga nisiupasue. Nikakwangua kwa bisibisi, nikaosha kwa mafuta ya taa. Chini ya ule uchafu kikatokea kichwa cha skrubu. Ndiyo iliyokuwa imeishika pampu kutoka nje. Injini nilizojifunzia Kisumu hazikuwa na skrubu pale, kwa hiyo sikuwahi kupatazama.

Niliilegeza polepole. Pampu ikashuka yenyewe mikononi mwa baba yako, na oili iliyobaki ikammwagikia usoni na kwenye koti.

Alitoka, akaigeuza ile pampu, bado anashuku. Halafu akaja akatazama pale nilipokwangua. Akaokota gamba la uchafu, akalivunja kwa vidole. Kama mtu yeyote angekuwa ameitoa pampu ile kabla yetu, gamba hilo lingekuwa limevunjika zamani. Hakuniomba radhi, baba yako hakuwa na desturi hiyo. Alizitoa nati zote mfukoni, akazimwaga kwenye kitambaa changu.

"Zihesabu," akasema.

Sikuzihesabu. Jioni ile nilikula ugali kwa mama yake, na nilikula sana.

Mwanangu, sikukatazi kushuku. Nakukataza kumwita mtu aape kwa jambo ambalo mkono unaweza kulifikia. Ingia na Mogaka chini ya hiyo mashine, mtazame upande ambao hamjautazama. Kama ameiba mtaona, na mimi nitakuwa wa kwanza kumkemea. Wasemao ndugu wakigombana chukua jembe ukalime hawakuwa na mashine ya kusaga, lakini walijua majirani hawapaswi kuitwa mapema.

Na yule mtoto aliyekuwa tumboni siku ile ndiye Mogaka. Nyanya yako alimkinga na kiapo kabla hajazaliwa. Usimletee wewe kiapo hicho sasa, naye ana watoto wake.

Chukua spana zangu, ziko nyuma ya mlango. Mungu awape subira na macho mazima, na mrudi jioni mkiwa mmechafuka nyote wawili, mkute chakula.