Chupa ya Rede Iliyobaki Nusu

Kuna siku moja, mwanangu, siipendi kuikumbuka, lakini wewe nitakusimulia. Ulikuwa mwaka ule watu walipokuwa wakihamia vijiji vya ujamaa. Mimi nilikuwa kidato cha pili, msichana wa haya nyingi. Niliyoshindwa kuyasema niliyaandika kwenye daftari.

Zuhura, rafiki yangu na jirani yetu pale Itetemia, alikuwa ahame kesho yake na wazazi wake. Jioni akanifuata na mpira wa matambara na chupa tupu.

"Twende rede, shoga. Ya mwisho hiyo."

Rede unaijua: wawili wanarusha mpira, huyu huku na yule kule, wakiwalenga walio katikati, nao wanaukwepa huku wakijaza mchanga kwenye chupa. Basi nilikuwa nimesimama na mwenzangu wa shule, mchezaji wa netiboli. Akacheka.

"Rede! Huo nao mchezo? Nchi gani nyingine wanaucheza?"

Na mimi, kwa kuogopa kuchekwa, nikadakia, "Mambo ya kitoto hayo, nimeshaacha."

Zuhura akanitazama. "Kwani tulikuwa tunacheza na nchi nyingine?" Akaenda kucheza na wadogo zake. Nikabaki pembeni, nimekunja mikono.

Bibi yangu alikuwa anapeta mtama kibarazani. Akaniita.

"Unaumwa?"

"Hapana, bibi."

"Mbona umesimama, basi? Rede nimecheza mimi, kacheza mama yako. Hatukuhitaji wa kututazama. Anayefika anaingia kati. Mtazamaji wa rede ndiyo kwanza namwona leo."

Niliona aibu hata kuvuka uwanja. Ujasiri nilioupata ulikuwa wa asubuhi, na lori lililowabeba kina Zuhura lilikuwa limeshashika njia ya Urambo. Chupa niliikuta mlangoni kwetu, ina mchanga nusu. Zuhura sikumwona tena.

Utawasikia wakishangaa, mwanangu, kwamba rede na bao bado vipo ilhali dunia haivijui. Vipo kwa sababu havikuingoja dunia. Kila aliyevijua alimwita mwenzake, na mwenzake akaja. Vitakufa siku anayeitwa atakapoona haya kwanza. Kwa hiyo ukiitwa, ingia, hata kama kuna anayecheka.

Mungu akupe miguu myepesi, na asikunyime mtu wa kukugongea mlango jioni akisema, twende.